Mchwa Hawaombwi Hati

Kidole changu cha shahada kiliingia ndani ya fremu ya mlango mpaka kwenye kifundo cha pili, na wala sikuwa nimekisukuma. Nilikuwa nimeegemea tu, kama anavyoegemea mtu anayetaka kununua nyumba lakini hataki ajulikane kuwa ameshaipenda. Mzee mwenye nyumba alikitazama kile kidole, akanitazama mimi, akasema, "Hapo rangi haijakauka vizuri, mwalimu."

Rangi yenyewe, kwa maneno yake mwenyewe ya dakika kumi nyuma, ilipakwa mwaka juzi.

Nilipokichomoa kidole kilitoka na unga laini wa rangi ya ugoro. Dalali akawahi: "Hiyo ni fremu moja tu, mwalimu wangu. Nyumba ina fremu kumi na mbili." Mpaka leo sijaelewa kama alikuwa ananifariji au ananisomea orodha ya marehemu.

Nyumba iko Misuna, hapahapa Singida mjini. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, bati la rangi, dari ya jipsamu yenye ua katikati kama keki ya kipaimara, na nyuma ya choo cha nje kichuguu chenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Bei shilingi milioni 45. Mzee anarudi kwao Kiomboi, anasema amechoshwa na kelele za mjini. Siku hizi naamini kelele zilizomchosha ni zile za usiku, ukilala kimya ukasikia ndani ya ukuta kama mtu anatafuna karatasi kwa adabu.

Kwa nini sikuondoka palepale? Kwa sababu nimepanga Mandewa miaka 19. Kwa sababu mwenye nyumba wetu hupandisha kodi kila kuku wa mke wangu, Mama Neema, wanapototoa, kana kwamba vifaranga nao wamehamia na mizigo. Na kwa sababu mtu akishafikisha miaka 47 bila nyumba, ndugu huacha kumuuliza habari za afya wakaanza kumuuliza habari za kiwanja.

Basi nikaenda benki. Sitaitaja, kwa kuwa bado wanazo picha zangu sita za pasipoti.

Nilidhani mkopo wa nyumba ni jambo kati ya benki na nyumba. Kumbe ni jambo kati ya benki na mimi. Nyumba inatajwa kwa heshima tu, kama jina la marehemu kwenye kesi ya mirathi. Walitaka hati miliki, siyo barua ya mtendaji. Walitaka risiti za kodi ya pango la ardhi. Walitaka barua ya mwajiri, hati za mishahara, namba ya mlipakodi, kitambulisho cha taifa, taarifa za akaunti. Walitaka kujua kama makato yataniachia theluthi moja ya mshahara, maana sisi watumishi wa umma sheria inatulinda tusikatwe mpaka tukabaki na hewa. Walitaka mkopo uishe kabla sijafikisha miaka 60 ya kustaafu, yaani nina miaka 13 tu ya kuwa na manufaa kwao. Walitaka asilimia 20 nitoe mfukoni. Kijana wa mikopo, mpole sana, mwenye tai nyembamba, akanigeuzia kioo cha kompyuta: milioni 36, riba asilimia 17, rejesho shilingi 574,000 kila mwezi. Nikazidisha kichwani, mimi ni mwalimu wa hesabu. Karibu milioni 89 na nusu. Narudisha nilichokopa karibu mara mbili na nusu, na fremu hazijahesabiwa.

Sikatai, tumetoka mbali. Ile Benki ya Nyumba ya serikali waliyoisifia wazee wetu ilifungwa 1995, ikiwa imelemewa na mikopo isiyolipika. Baada ya hapo mtumishi wa kawaida alijenga kwa mtindo wa tofali moja kila mwisho wa mwezi, msingi mwaka huu, linta mwaka wa tatu, bati akishastaafu. Ndipo ikatungwa sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, na 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zitukopeshe sisi. Kwa hiyo fedha inatoka huko, inapita kwa hawa, inafika kwangu, inakwenda kwa mzee wa Kiomboi. Katika msafara wote huo hakuna hata mmoja aliyeigonga ile fremu.

Mkataba ulikuwa na kurasa 31. Nilizisoma zote, ugonjwa wa kazi huo. Neno mchwa halimo. Moto umo. Radi imo. Mafuriko yamo, Singida hii ambayo mwaka mzima tunaomba mvua. Nikamuuliza kijana wa tai, "Na hii bima mnayonilazimisha kukata, mchwa wakila nyumba inalipa?"

Akafungua kitabu chake. "Hapana, mwalimu. Wadudu hawamo. Unajua, mchwa ni uharibifu wa polepole."

"Na mimi nalipa polepole," nikamwambia. "Miaka 13."

Akacheka kwa heshima, akaniomba picha mbili zaidi.

Usiku huo nikampigia mpwa wangu aliyeko Texas. Huyu aliingia jeshi la Marekani, akatumikia, akatoka, akanunua nyumba kwa mkopo unaodhaminiwa na idara yao ya wastaafu wa jeshi. Nilitaka anipe pole. Badala yake akaniudhi. Alisema kule kwao, na katika majimbo mengi yenye joto, mkopo wa aina yake hautoki mpaka mkaguzi wa wadudu aje na tochi na bisibisi, apite chini ya sakafu na juu ya dari, aandike kwenye fomu maalumu kama ameona mchwa, dalili za mchwa, au mbao zilizowahi kuliwa. Wakionekana, watibiwe kwanza. "Benki hawakubali, mjomba," akasema. "Wanasema nyumba ni yao mpaka nimalize kulipa, hawawezi kuacha mali yao iliwe."

Fikiria hilo. Benki inayoona wivu juu ya fremu! Huku kwetu nyumba ni yao kwenye hati na ni yangu kwenye mchwa.

Benki nazo zisidhani ziko salama. Mwaka 2011, India, mji wa Barabanki katika jimbo la Uttar Pradesh, wafanyakazi wa benki walifungua sanduku la chuma wakakuta mchwa wameshakula noti za rupia milioni 10. Hawakuwa na hati ya mshahara, hawakupeleka picha hata moja ya pasipoti. Waliingia, wakachukua mkopo wao, riba sifuri. Nilimsimulia kijana wa tai habari hiyo kesho yake, nikitarajia ashtuke. Alisema sera yao ya fedha taslimu ni tofauti.

Kisha akaja mthamini. Mthamini huyu amesajiliwa, ana muhuri, na malipo yake natoa mimi. Alikuja na tepu, kamera na kofia pana, maana upepo wa Singida haujali shahada ya mtu. Akapima urefu, akapima upana, akapiga picha barabara, mpaka, nguzo ya umeme. Alipokaribia ule mlango nikajikohoza. Nikaegemea kwa makusudi karibu na lile tundu. Akanipiga picha na mimi humohumo. Ripoti ilisema jengo liko "katika hali nzuri kwa ujumla", ikataja thamani mbili: ya soko, na ile ya kuuza kwa haraka iwapo nitashindwa kulipa. Hiyo ya pili ni ndogo zaidi. Nikaona angalau kuna mtu serikalini na benki anayejua kwamba nyumba inaweza kupungua. Ila wanadhani kinachoipunguza ni haraka.

Ndipo nikamtafuta fundi, na hapa ndipo nilipopata elimu ambayo siwezi tena kuitoa kichwani. Fundi hakutumia tepu. Alikunja kidole, akagonga. "Sikiliza, mwalimu. Mbao nzima inasema ko." Akasogea kwenye fremu ya chumba cha pili. "Iliyoliwa inasema pu." Akapita nyumba nzima: ko, pu, pu, ko, pu, pu, pu. Juu kwenye kenchi hakupanda, aligonga kwa mti mrefu akiwa chini, akanyamaza, akavua kofia.

Tangu siku hiyo sioni mbao nikapita. Nimegonga milango ya shule yote. Nimegonga meza ya mkuu wa shule mwenyewe akiwepo, nikasingizia nasisitiza hoja. Kanisani nimegonga benchi wakati wa sala ya kimya, na mama mmoja mbele yangu akaitikia "Karibu".

Nilimuuliza fundi, kwa nini ukutani hatuoni kitu? Akanionyesha kijia chembamba cha udongo, chenye unene wa penseli, kimepanda kutoka ardhini nyuma ya tangi la maji mpaka chini ya bati. Mchwa hapendi jua wala hewa kavu, kwa hiyo hujijengea barabara yake yenye paa. Ukikikwangua kesho unakuta kimekarabatiwa. Nikakumbuka barabara ya mtaani kwetu, nikanyamaza.

Nilisoma pia, kwa sababu adui inafaa umjue. Sasa natamani nisingesoma. Hawa wa vichuguu vikubwa kumbe hawaimeng'enyi mbao kwa matumbo yao peke yao. Wanaitafuna, wanaipeleka shimoni, wanaoteshea ukungu, kisha wanakula walichovuna. Ule uyoga mtamu unaochomoza kwenye vichuguu baada ya mvua ndio shamba lao limetokeza. Maana yake fremu yangu ya chumbani ni mbolea ya bustani ya mtu mwingine. Malkia wao anataga maelfu ya mayai kwa siku na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, naye ana mkataba mrefu kama wangu, ila wake hauna rejesho. Na wanasayansi siku hizi wamewaweka mchwa kwenye ukoo mmoja na mende. Nikiwakumbuka mende wa nyumba ya Mandewa, naona nimetoka kwa mtoto wa shangazi nimehamia kwa mtoto wa mjomba. Kuna mnyama wa usiku aitwaye mhanga, mwenye pua ndefu, kazi yake maishani ni kula mchwa. Mimi nami ni mhanga, ila huku wanaokula ni wao.

Sasa tiba. Hapa Singida ukisema una mchwa, kila mtu ni daktari.

Jirani wa kulia akaja na oili chafu ya gari. Dumu moja la lita 20 kuzunguka msingi, alisema, na hutawaona. Nyumba yake mwenyewe inanuka kama gereji ya malori ya alizeti, na bado nilikiona kijia kimepita pembeni ya oili, kimekunja kona kwa ustaarabu kama dereva aliyeona trafiki. Jirani wa kushoto akasema majivu na chumvi. Bibi wa nyumba ya tatu, ambaye shikamoo yake huitikia kwa kukukagua kwanza miguu, akasema hizo zote ni mchezo, dawa ni kumtoa mama yao. Akamleta mjukuu wake mwenye sururu. Kijana akachimba tangu saa mbili asubuhi, udongo mgumu kama zege la mkandarasi mwaminifu, akafika saa saba mchana akiwa ndani ya shimo mpaka kifuani na malkia hajaonekana. Akadai shilingi 30,000. Fundi alipofika jioni akasema hata angempata, wapo mchwa wengine wadogo wasiojenga kichuguu kabisa, wanaishi chini kimyakimya kama wapangaji wanaodaiwa, na kuna uwezekano hao ndio waliokula fremu. Kichuguu kile kinaweza kuwa hakina hatia.

Nilimkumbuka babu. Babu yangu alizaliwa, akaoa na akazeeka kwenye tembe, lile la paa la udongo lililobebwa na nguzo na fito tupu, mbao na mchwa wamelala nyumba moja miaka na miaka. Hakuwahi kununua dawa. Lakini babu alikuwa hachukui mti, alikuwa anachukua kiini cha mti. Mpingo, mninga, ile sehemu ya ndani nyeusi au nyekundu ambayo mchwa akiing'ata anafikiria upya maisha yake. Na jiko lilikuwa ndani. Moshi ulipanda kila siku asubuhi na jioni, ukazipaka nguzo masizi mpaka zikang'aa. Kisha miaka ya 1970 tukaambiwa tujenge nyumba bora, tukajenga, na kweli ni bora. Tukaweka dari nyeupe, tukatoa moshi nje, tukaleta mbao za paini za Mafinga, laini, nyepesi, tamu. Mchwa nao wakasema kumbe hii ndiyo maendeleo.

"Ungenunua zile za kijani zilizowekwa dawa kiwandani," fundi akasema, akimlaumu mzee wa Kiomboi kupitia kwangu. "Ila uwe macho. Kijani nyingine ni rangi tu."

Dawa yenyewe ya dukani nayo ina shule yake. Fundi mzee wa mtaa wa pili bado anaililia ile ya zamani, anasema ilikuwa ukiimwaga mara moja mchwa wanahama wilaya. Ni kweli ilikuwa kali. Ilikuwa kali hivi kwamba dunia ilikaa Stockholm 2001 ikatia saini mkataba wa kuziondoa au kuzibana kemikali 12 za kwanza zisizooza ardhini wala mwilini, na kati ya hizo aldrini, dildrini, klodeni na mireksi zote ziliwahi kuwa dawa za mchwa. Za siku hizi, ukienda duka la pembejeo ukaangalia kama chupa ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu, ni za aina mbili. Kuna zile zinazonuka puani mwa mchwa: akifika anageuza, anakwenda kwa jirani. Na kuna zile asizozinusa kabisa, kama fipronili: anapita, anajipaka bila kujua, anarudi nyumbani akiwasalimu wenzake mmoja mmoja, na wote wanaitikia. Nilipoelezwa hiyo ya pili nilifurahi kwa namna ambayo sitamsimulia padri.

Kama ungekuwa unajenga, fundi alisema, ungemwaga dawa kwenye udongo kabla ya jamvi, lita tano za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, ukamaliza. Nyumba ikishasimama ni kutoboa sakafu kandokando ya kuta zote, tundu baada ya tundu, kumimina dawa, kisha kuziba. Nikapiga hesabu ya maji. Mtaani kwetu maji ya bomba yana siku zake, na mimi huoga kwa ndoo nusu nikijisifu kwa kubana matumizi. Leo nichukue mamia ya lita nikamnyweshe mchwa! Lakini nikakubali. Dawa, mashine ya kutobolea, vibarua, jumla 950,000. Nikamwambia fundi aje Jumamosi.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114, inasema nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ni sheria nzuri. Wangapi wameamka wakakuta dalali wa mahakama uani na mume hajulikani alipo? Naiunga mkono. Ninachosema ni kwamba aliyeiandika hakuwa amemfikiria Mama Neema na kuku wake.

Kuku wa kienyeji wa Singida hawahitaji nisimulie. Wanajulikana mpaka Dar es Salaam, wanasafiri kwa basi wakiwa wametulia kuliko abiria. Mama Neema anao 60 na kitu, na siri ya vifaranga wake ni mchwa. Jioni huchukua chungu kikuukuu, hukijaza mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe alichokilowesha, hukifunika kifudifudi juu ya tundu la mchwa. Alfajiri hukifunua kimejaa, huwamwagia vifaranga, na vifaranga hukimbia kama wanafunzi waliosikia kengele ya uji. Chakula cha dukani kimepanda bei. Mchwa hajapanda.

Nilipompeleka Misuna kwa mara ya kwanza, mimi nilimwonyesha jipsamu. Yeye alipita sebuleni bila kuinua macho, akatoka mlango wa nyuma, akafika kwenye kile kichuguu, akakizunguka mara mbili, akakiwekea mkono.

"Baba Neema," akasema, "hapa umepata."

Kwa hiyo Ijumaa usiku, nilipomweleza mpango wa fundi, aliweka kijiko chini. "Dawa ya kuwaulia mchwa wa kuku wangu?"

"Mchwa wa nyumba yetu, Mama Neema."

"Nyumba ipi? Nimeshasaini?"

Halafu akampigia simu Neema mwenyewe, aliyeko Morogoro, chuo kikuu cha SUA, anasomea mifugo kwa fedha ambazo nusu yake ni kuku. Neema hakuchelewa. Akatukumbusha kwamba 2017 huko Ulaya mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani kwa sababu ya fipronili, ileile. Ilikuwa imepulizwa mabandani kuua utitiri, ikaishia kwenye mayai. Mchwa aliyejipaka dawa, alisema, haandikwi mgongoni. Kuku atamla tu. "Baba, hukusoma kibandiko?"

Nilikisoma. Nilikisoma kwa furaha mbaya, nikaishia kwenye neno "mchwa".

Basi Mama Neema akachukua daftari langu la maandalio ya somo, akaandika hesabu yake. Jogoo mmoja mkubwa shilingi 25,000. Rejesho 574,000. Akagawanya. Majogoo 23 kila mwezi, hawezi kuwatoa wote lakini wale anaoweza kutoa wangebeba sehemu yake. "Sasa niambie," akasema. "Wewe unalipa kwa mshahara, mimi nalipa kwa kuku, kuku wanakula mchwa. Nani hapa ndiye anayelipa mkopo?"

Nimefundisha hesabu miaka 22. Sikupata kosa.

Ridhaa yake ikaja na masharti, na masharti yake yalikuwa mazito kuliko ya benki kwa sababu yeye alikuwa ameiona nyumba. Fremu za mbao zote zing'olewe, ziwekwe za chuma. Kenchi zilizooza zibadilishwe kwa mbao za kiwandani za kijani, na fundi azikate mbele yetu tuone kama kijani imeingia ndani. Kuni, maboksi na magunia yasiegemezwe ukutani. Ukuta wa nje uachwe wazi chini pande zote, na kila Jumamosi mimi, kwa mkono wangu, nikwangue vijia vyote vya udongo. Dawa ya kumimina hapana. Kichuguu kisiguswe, lile shimo la mjukuu wa bibi lifukiwe, na aombwe radhi. Sikuuliza nani aombwe radhi.

Fundi aliposikia alitikisa kichwa, akasema mkwanguo wa Jumamosi ni kazi ya maisha. Nikamwambia mkopo pia. Mzee wa Kiomboi, baada ya kugongewa fremu tano mfululizo mbele ya dalali, alipunguza milioni moja na nusu. Dalali aliliita punguzo la kidole, na bado akakata asilimia yake kwenye bei ya mwanzo. Benki nayo haikubadilisha hata nukta: mthamini alishasema milioni 45, kwa hiyo kwao hali ni nzuri kwa ujumla.

Siku ya kusaini tulivaa vizuri. Mama Neema alivaa kitenge cha harusi ya dada yake, mimi koti la mahafali. Kijana wa tai akatupanga kurasa, hapa, hapa na hapa, yeye akiuliza maswali ya mwisho na kuweka vema kwenye fomu. Je, mwenza anaridhia kwa hiari yake? Anaridhia. Je, kuna mgogoro wa mpaka? Hakuna. Kodi ya jengo? Inakatwa kwenye LUKU, kama ya kila mtu, tangu 2021.

"La mwisho, mwalimu. Kuna mtu yeyote anayeishi kwenye nyumba hiyo kwa sasa? Mpangaji, ndugu, mtu mwenye kudai haki ya kukaa?"

Nikafungua mdomo. Chini ya meza kisigino cha Mama Neema kikatua juu ya kidole changu kikubwa cha mguu.

"Hakuna," akasema yeye.

Kijana akaweka vema. Akauvuta muhuri, akaupulizia, akaugonga juu ya karatasi.

Meza ikasema pu.